Jina Alilolitaja Saada

Kwenye gari la abiria aina ya Noah la kutoka Ihanja kwenda Singida mjini, Saada alikaa nyuma ya mzee mmoja na binti aliyempakata mtoto wa kiume.

“Unampeleka tohara?” mzee aliuliza.

“Kupimwa kwanza, babu. Ukoo wetu tunarithi ugonjwa wa damu kutoganda. Ndio uliomuua kaka yangu.”

“Jandoni?” Mzee akaguna. “Basi mama yenu alitoka nje ya ndoa. Angemtaja huyo mwanaume, damu ingekatika palepale.”

“Aling'olewa jino tu, babu. Jino nalo linajua mama kalala na nani?”

Abiria walicheka, hata dereva. Mzee hakucheka. “Mna midomo nyie! Wanawake wametaja, damu ikakatika. Tumeona.”

Saada akageuza uso, akaangalia alizeti. Mwanawe Mansuri alipotoka damu jandoni, yeye hakuwa na mwanaume zaidi ya mumewe. Wazee walipombana ataje, akataja jirani, ili tu damu ikatike. Haikukatika. Talaka aliipata kabla ya arobaini ya msiba wa mtoto.

Gari likasimama Utemini. Mzee akamgeukia Saada. “Wewe mama ni mtu mzima, hebu mwambie huyu.”

“Shikamoo,” Saada alisema, maana hakuwa na neno lingine la heshima la kumpa, akashuka.