Runji wa Kathuri, Kaburi la Kwanza Upande Huu

Mchungaji, majirani, na nyinyi wa Kibugu mliofika na vumbi hadi kwa kope, tulieni niwasomee maisha ya Mzee Runji Kathuri. Waliosoma ni wengi katika familia hii, lakini aliyechaguliwa kusoma ni mimi, mjukuu wake niliyeishia darasa la saba, na sauti mnaisikia.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1948 huko Kibugu, juu kwenye chai, mtoto wa pili wa marehemu Kathuri na marehemu Ciakuthii, akasoma hadi darasa la nne, akaacha mwaka wa 1960 akachume chai, kwa hivyo mimi kuacha shule sikuokota barabarani. Tarehe 8 Disemba 1973 alifunga ndoa na Susan Gatakaa, wakabarikiwa na Mbaka, Lydiah na Gachoki.

Shamba la baba lilipogawanywa, lake likatosha kuku tu, na mwezi wa Oktoba 1979 akashuka huku Mbeere chini, wakati jirani wa karibu alikuwa mwendo wa nusu siku, akiwa na mke, watoto, mbuzi wawili, na, jameni msicheke, miche arobaini ya chai, maana mtu wa Kibugu hajui kuna udongo unaokataa chai. Kufika Krismasi yote ilikuwa kuni. Ndugu zake wakamcheka, wakasema atarudi kwa miguu au kwa sanduku, naye akapanda ndengu na mtama, akachimba kisima mwaka wa 1984, watu wakafuata maji, na leo tuna shule, kanisa, na steji ya bodaboda inayoitwa Kwa Runji, ambapo dereva namba moja ni mimi, ulizeni.

Aliugua figo tangu 2023, akatuacha tarehe 12 Juni 2025, saa nne asubuhi, akiwa hospitalini Embu. Ndugu zake wakaja na gari wampeleke Kibugu, wakisema mtu hazikwi mahali hapana kaburi hata moja la watu wake, na nyanya yangu, Cucu Susan, bila kupandisha sauti, akawaonyesha mawe matatu ambayo mzee alipanga mwenyewe mwezi wa Februari, palepale miche ilipokaukia, akawaambia mzee alisema lazima kitu kimoja cha Kibugu kishike mizizi hapa. Wakavua makoti, wakaomba majembe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliochotea wageni maji, wenzake wa kamati ya kisima, na wanaboda waliobeba viti bure.

Guka, umeshika. Pumzika kwa amani, nyumbani kwako.