Festo Makokha na Chakula cha Nanyama

Marehemu Festo Makokha alizaliwa Kimilili mwaka 1911, kifungua mimba wa mzee Mukhwana. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, akaacha baba alipofariki ili atulee sisi wadogo zake.

Mwaka 1932 aliajiriwa na reli hapa Nakuru, akawa fundi wa boila za garimoshi. Huko kazini ndiko alikozoea pombe, kwanza busaa ya nafaka, kisha chang'aa kali.

Alimwoa Nanyama mwaka 1936. Siku ya posa, kuku wa zawadi alimponyoka stesheni. Alimkimbiza hadi suti yake mpya ikajaa masizi.

Agosti 1955 tumbo lilimvimba, mikono ikakonda, macho yakawa manjano. Nanyama akawa anampikia chakula cha peke yake, kisicho na chumvi, kidogo kidogo mara sita kwa siku, na kumdunga sindano. Jamaa tukanong'ona kwamba anamtilia sumu. Mimi Naftaly, mdogo wake ninayewasomea haya, niliiba uji wake nikampa mbwa. Kesho yake mbwa alinisubiri mlangoni akitaka mwingine. Bado sikuamini. Julai 1956 nilibeba kile kichupa cha sindano hadi hospitali.

"Daktari, shemeji anamuua ndugu yangu na hii?"

"Hiyo ni insulini, dawa ya kisukari niliyompa mimi. Ini lake limeharibiwa na pombe, na mwili wake hauisikii dawa. Naongeza, lakini sukari haishuki. Asipokula mara kwa mara, mayai, maziwa, maharagwe, na kitu kidogo kabla ya kulala, mwili utajila wenyewe. Lakini kuna mtu anamletea pombe. Namshuku mkewe, na nimeshamkaripia mbele ya wagonjwa."

Mtu huyo nilikuwa mimi. Kila Jumamosi nilimletea chang'aa kwenye chupa ya dawa ya kikohozi, nikidhani namtia nguvu.

Nilimuuliza Nanyama mbona hakunitaja.

"Akikosana na wewe, shemeji, ataacha kula kabisa. Wacha wanishuku mimi."

Niliacha siku hiyo. Festo alipata miezi minane zaidi, akaweza hata kutembea hadi stesheni kuwasalimu wenzake. Tarehe 14 Machi 1957 alitapika damu, akafariki hospitalini, Nanyama akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane wake Nanyama, watoto Zeddy, Eucabeth na Mukhwana, mama yetu mzazi, na sisi wadogo zake.

Nimeona wengine wenu leo mmekataa chai ya Nanyama. Mimi nimekunywa vikombe viwili.

Festo, Mungu akupe pumziko la amani.