Ngowa Ashinda, Pointi Zashuka

Weka mkono kifuani uape kwamba haya hutamwambia mtu. Umeapa? Vizuri, maana mpaka sasa tunaojua ni mimi, wewe, Kadzo wa mboga, na wale wote waliokuwa wakingoja tuktuk hapo Makadara. Benchi tunalopigia soga limeegemea ukuta wangu, kahawa ni yangu, nami hukaa mlangoni na birika, kwa hivyo lisemwalo hapo ni kama limesemwa sebuleni kwangu. Alasiri ile alikuwepo Sufyan, aliyestaafu ukarani wa bandari lakini tukamwachia jina la Karani. Aidarus, tunayemwita Redio kwa sababu hana kitufe cha kumzima. Na Ngowa, afagiaye klabu moja kule Ganjoni wachezako skwoshi, ule mchezo wa kujifungia chumbani mkapiga kijipira ukutani. Ngowa alianza na ufagio. Siku hizi yuawashinda wenye klabu yao.

— Nimempiga Fahmi tena, akasema Ngowa, hamri iko mdomoni. Tatu kwa bila. Nana, nishikie simu uniandikie matokeo, mikono yangu ina mafuta.

Nikaipokea. Humwandikia mimi siku zote. Kusoma sikusoma sana, lakini namba nazijua, na ile programu ya klabu yataka namba mbili tu: seti zako na seti za mwenzio. Ukishatuma, mwenzio akakubali, hupiga hesabu yenyewe, huyu akaongezwa pointi, yule akapunguzwa.

— Jumatatu ulishinda, pointi zikashuka, akasema Karani. Jumatano ukashinda, zikashuka. Wewe huoni haya kushinda?

— Nilikuwa wa nne, Karani. Sasa ni wa sita, na timu iendayo Nairobi yachukua sita. Nikishuka leo, sendi. Majina yafungwa saa kumi na moja.

— Ni kama forodha. Kila kipitacho hukatwa. Umeshinda, umepita, umekatwa.

— Na Fahmi mbona yuapanda?

— Fahmi hajapita. Yuko bado bandarini.

— Wacha upuuzi, akasema Redio. Ile mashine yapima jasho. Fahmi hutoka mle kama aliyetumbukia kisimani, wewe hutoka mkavu. Yaona hukufanya kazi.

— Yaonaje, nayo imo simuni?

— Simu yako huwa wapi ukicheza?

— Begini.

— Basi yanusa.

Nami nikatia langu, nisije nikaonekana nimenyamaza sana.

— Ni ukuta, nikasema. Mwaupiga kutwa, pointi zagandama pale. Ngowa, kesho ukifagia, fagia na ukuta.

Karani akalifikiria hilo kwa heshima kubwa. Redio akataka kujua ni ukuta wa mbele au wa pembeni. Wakiwa katika kuta zao nikawasogezea sahani ya mkate wa sinia aliyoniletea jirani yangu Lamis, mamake Fahmi, asubuhi ile. Jumanne alikuwa ameleta vitumbua. Wakala, nami nikamega kipande, nikainamia simu.

— Masalkheri jamii.

Alikuwa Jannat, katibu wa timu, na karatasi ya majina mkononi.

— Ngowa, hebu nambia. Fahmi amepata wapi nguvu hata akakupokonya seti mbili mbili, Jumatatu na Jumatano?

— Seti mbili zipi? Hajanipokonya hata moja.

— Zimeandikwa tatu kwa mbili. Programu yajua wewe ni hodari na Fahmi ndiyo kwanza aanza, yangoja umpige tatu bila. Akikufikisha seti ya tano, yasema mkubwa amelegea na mdogo ameimarika. Yakuteremsha wewe, yampandisha yeye, hata kama ulishinda.

— Na Fahmi alinyamaza?

— Alibonyeza kukubali. Za nyuma naweza kuzirekebisha kabla ya saa kumi na moja. Nauliza jambo moja tu: nani huandika?

Karani akatazama kahawa yake. Redio, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akazimika.

Nilikuwa na mengi ya kusema. Kwamba kumpiga mtoto wa jirani usimwachie hata seti moja si ustaarabu. Kwamba hata sahani ya watu hairudishwi tupu. Kwamba vitumbua vilikuja baada ya Jumatatu, si kabla, naapa. Lakini mdomo ulikuwa umejaa mkate wa sinia.

— Nana, akasema Ngowa taratibu. Hebu geuza simu.

Nikaigeuza. Tatu ilikuwa imekaa mahali pake. Ubavuni mwake ilikuwa mbili, ina alama ya kidole changu ya samli, na kidole chenyewe kilikuwa njiani kwenda kutuma.

Redio akakirudisha sahanini kipande alichokuwa ameshakiuma.