Chupa Tatu za Dada Mkuu

Naanza na mimi, mnisamehe. Hospitali nzima hakuna mwenye koo la bahati kama langu. Nyama, mkate mkavu, wali wa jana, vyote vinashuka vyenyewe. Tangu nizaliwe haijanikwama hata punje. Mwenye koo hilo ndiye aliyefaa kumwandikia neno la kwaheri Dada Mkuu, muuguzi kiongozi wa chumba cha kamera ya tumbo, anayestaafu tarehe 30 Juni baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuchungulia makoo ya watu.

Alipelekwa chumba hicho kwa wiki mbili tu, kumshikia nafasi mwenzake aliyejifungua. Mwenzake akarudi, akajifungua tena, akarudi tena. Dada hajatoka mpaka leo. Tukambandika jina la Chupa Tatu. Hata umio, ile njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, uonekane safi kama sahani mpya, daktari atakuta mezani chupa tatu za kuwekea vipande vya umio vya kupimwa maabara: vya juu, vya kati na vya chini. Madaktari wapya walinuna. Wa zamani walizijaza tu.

Mfano ni mpishi wa kantini. Watu walisema anaringa kwa kuwa hali na wenzake. Dada alimwona akikata nyama kama ya kumlisha mtoto, kila tonge na maji yake, akimaliza wenzake wameshanawa zamani. Miaka sita alitibiwa kiungulia. Siku nyama ilipokwama hata mate hayapiti, akalazwa kwenye kamera. Daktari aliitoa, akaona umio hauna neno, akataka kufunga kazi. Chupa tatu zikamtazama, akachukua vipande.

Maabara ilikuta vimejaa chembe nyeupe za damu zinazokuja na mzio. Ugonjwa una jina refu kama treni ya mizigo, esofagitisi ya eosinofili: umio unavimba kwa ndani, na ukiachwa unakakamaa na kuwa mwembamba. Ugonjwa wenyewe hauponi kabisa, ila unatulizwa.

Mpishi akapewa pampu ileile ya wenye pumu, apulizie mdomoni na kumeza. Miezi miwili, nafuu hakuna. Ikasemwa umio itabidi utanuliwe, na mwenyewe akaandika barua ya kuacha kazi, maana mpishi anayeogopa kumeza ataonja nini. Dada akamtaka aoneshe anavyoitumia. Mpishi, mtu wa pumu tangu utoto, akavuta pumzi mpaka mabega yakapanda.

Dada akamwambia, "Mwanangu, linaloumwa ni koo, dawa unayapelekea mapafu. Zuia pumzi, puliza, meza. Nusu saa usile, usinywe, hata mchuzi usionje."

Wiki nane baadaye vipande vipya vilirudi safi, na barua ikachanwa.

Dada, asante kwa jicho lako na ukaidi wako. Nenda ukapumzike, ucheke sana, na miaka iliyobaki ikunyookee.

Lile koo la bahati ni uongo mtupu. Mpishi ni mimi.