Bi Yustina Chinguile na Kisanduku cha Idd

Tarehe 30 Juni 2026, Bi Yustina Chinguile, karani wetu wa mikopo, anastaafu baada ya kuitumikia SACCOS yetu ya Nuru Tingi kwa miaka ishirini na tisa. Mwenyewe alishahesabu siku zake zote, na anasema hesabu ya ofisi imempunja siku moja.

Alianza mwaka 1997 na daftari, kalamu mbili na kalenda ya ukutani. Kompyuta ilipokuja, wengi walidhani ataikimbia. Hakuikimbia, ila hakuiamini. Mfumo ulikuwa unahesabu kila mwezi kuwa siku thelathini, kwa hiyo mkopo wa miezi sita uliiva kabla ya wakati wake, na riba ya kuchelewa ikaanza kutembea mwenye mkopo bado ana siku zake mkononi. Bi Yustina aligundua kwa kukunja ngumi na kuhesabu miezi kwenye vifundo vya vidole: kifundo ni mwezi wa siku thelathini na moja, bonde ni mwezi mfupi. Fomula ikabadilishwa: ijumlishe miezi, siyo siku. Mpaka leo ukimkuta amekunja ngumi mbele ya kompyuta usiogope, anahakiki.

Lakini mimi nitamkumbuka kwa Ijumaa moja ya Aprili 2024. Maimuna Nurdin, muuza samaki wa Pande, alitakiwa kumaliza mkopo wake wa kwanza tarehe 10. Siku hiyo ikawa Idd, ofisi ikafungwa siku mbili. Ijumaa asubuhi Maimuna alikuwa wa kwanza mlangoni, hela yote imefungwa kwenye pindo la kanga. Mfumo ukaandika: amechelewa siku mbili. Kwetu aliyechelewa hapati mkopo mwingine mpaka mwaka upite, na bodi ilikuwa inakaa kugawa mikopo mchana uleule, baada ya swala. Maimuna alishalipia nusu ya bei ya friza Kilwa Masoko, nusu ya pili akitegemea mkopo mpya, na mwenye duka alimpa mpaka Jumamosi. Zaidi ya hapo anamuuzia mwingine.

Mwenyekiti wetu, Mzee Nassibu, alitania kwamba kompyuta haili pilau, itaijuaje Idd. Watu wakacheka. Bi Yustina hakucheka.

"Mwenyekiti, mlango tuliufunga sisi," alisema. "Kama kompyuta haijui, tuiandikie."

Mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimerudi kazini na mtoto wa miezi minne, usingizi sina, fomula zinanipita tu. Akamchukua mtoto, akamfunga mgongoni, akaniambia niandike. Tukatengeneza jedwali la siku ambazo ofisi inafungwa. Tarehe ya mwisho ikiangukia humo, isogee hadi siku ya kazi inayofuata, na riba na faini zihesabiwe kuanzia hapo. Mara ya kwanza ikasogea hadi tarehe 11, ambayo nayo ni Idd. Nilitaka kuacha. Akasema turudie. Tulirudia mara sita. Watu wanatoka msikitini, kioo kikaandika: Maimuna Nurdin, siku za kuchelewa, sifuri.

Bodi ikampa mkopo. Friza iko Pande mpaka leo, inafanya kazi. Na wanachama kumi na mmoja waliowahi kutozwa faini za sikukuu walirudishiwa hela zao, mmoja mmoja, kwa mkono wa Bi Yustina.

Jedwali lile lina kisanduku ambacho hakuna fomula inayokijaza: Idd. Bi Yustina ni Mkristo, mzaliwa wa Mitwero, lakini kila mwaka yeye ndiye wa kwanza kuuliza kama mwezi umeandama, na hakigusi kisanduku mpaka utangazwe.

Bi Yustina, asante kwa ngumi yako, na asante kwa mgongo wako. Mungu akupe afya na usingizi mzuri huko Mitwero. Kisanduku cha Idd ya mwaka 2027 kiko wazi, na hatutakijaza kwa kukisia. Mwezi ukiandama tutakupigia simu wewe kwanza, ndipo tuandike.

Naima Issa,
kwa niaba ya wafanyakazi wenzako