Sahihisho la Kumuaga Wakili

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka ishirini na sita ya utumishi, Mkurugenzi Mkuu wa shirika letu la utangazaji anastaafu. Sisi tuliofanya naye kazi hatukumzoea kwa cheo hicho. Tulimwita Wakili, kwa sababu ndivyo alivyoingia humu: kututetea mahakamani.

Tulikuwa tumemtangaza mwalimu mkuu mmoja kuwa mshtakiwa wa wizi, kumbe katika kesi ile alikuwa shahidi tu. Wakili alisikiliza kanda, akavua miwani, akawaambia wakubwa wa siku hizo kwamba utetezi hawana. Wakamwombe mwalimu radhi. Tena sahihisho lisomwe saa ile ile, mwanzoni mwa taarifa, na sauti ile ile iliyokosea. Msomaji wetu mkongwe alinung'unika, "Wakili, unanivua nguo mbele ya nchi nzima." Akajibiwa, "Mwalimu tulimvua jana, mzee wangu. Leo zamu yetu."

Shirika likamwajiri, na utaratibu huo ukawa sheria ya chumba cha habari. Hakujibagua. Akiwa Mkurugenzi aliwahi kutaja hewani tarehe isiyo sahihi ya mitihani; kesho yake akashuka studio na kandambili zake za ofisini, akajisahihisha mwenyewe. Mama yake akapiga simu mapokezi: "Mwambieni huyo binti yangu, nyumbani hakuwa mwepesi hivyo wa kukiri." Tulicheka wiki nzima.

Mwezi uliopita hakuna aliyecheka. Tulitangaza, kwa kauli ya wizara, kwamba maji yamerudi katika mitaa ya bondeni. Hayakuwa yamerudi, mabomba yalikoroma hewa tupu, na wasikilizaji wakatupigia simu kutusuta. Bodi ilielekeza tunyamaze. Wakili aliagiza sahihisho lisomwe, likasomwa. Haikupita wiki, taarifa yetu wenyewe ikasema kwamba "ameomba kupumzika kwa sababu za kifamilia". Kisha likaja agizo jipya: masahihisho sasa yatawekwa kwenye tovuti, "inapobidi". Kiti chake hakijapoa.

Naandika kwa hasira, na hasira si shahidi wa kutegemewa. Huenda bodi ina sababu nisizozijua. Najiuliza pia iwapo Wakili mwenyewe hakosei kuondoka kimya, yeye aliyetukataza kunyamaza. Hilo sijalipatia jibu. Nilichoweza ni kumuuliza kama kweli aliomba. Alikuwa akizifunga kandambili zake katika gazeti. "Mdogo wangu," alisema, "mimi na kupumzika tumejuana lini?"

Kwa hiyo, kwa utaratibu wake, na kwa kuwa sauti iliyosoma taarifa ile ilikuwa yangu, nitalisoma hili ukumbini siku ya kumuaga, kabla ya hotuba yoyote: Tulisema Mkurugenzi Mkuu ameomba kupumzika. Hakuomba. Ameondolewa. Tunamwomba radhi yeye, familia yake na wasikilizaji wetu.

Asante kwa yote, Wakili. Tunakutakia mapumziko mema, ingawa hukuyaomba.