Nyeusi kwa Kaka, Nyeupe Kwangu

Kwenye treni ya asubuhi niliketi mkabala na fundi rangi mwenye madoa ya kijani hadi kwenye nyusi. Alikuwa akimshauri mama mmoja asiyemfahamu, fundi cherehani mwenye tepu ya kupimia shingoni. Mama alitaka kumnunulia mumewe mashine ya gemu, ambayo dukani ilikuwa ya aina mbili, nyeusi na nyeupe, na shemeji yake, jirani yao, tayari alikuwa na ile nyeusi.

"Dada yangu, chukua nyeupe," alisema fundi rangi. "Mimi ninayo. Haivumi, na pedi yake ya kuchezea inakaa mkononi kama umeshonewa. Kaka yangu ana nyeusi. Kelele tupu, kama feni ya kinyozi!"

"Umeichezea hiyo ya kaka yako?"

"Hata kuigusa sijaigusa!" alijibu kwa fahari ya mtu aliyekataa rushwa.

Mama akacheka. "Sasa mbona hamkununua za aina moja, mkacheza pamoja kila mtu akiwa kwake?"

Fundi rangi akashusha sauti, nami nikasogeza sikio. "Zile za zamani zilikuwa aina moja. Kaka akanifunga mabao saba mbele ya wakwe zangu. Tukanuniana mpaka mama yetu akaingilia kati. Siku hizi kila jioni tunabishana kwenye simu mashine ya nani ni bora, na hakuna anayefungwa."

Treni ikaanza kupunguza mwendo. Mama akakusanya mifuko yake taratibu.

"Mume wangu na kaka yake kwa kununa nao hawajambo," alisema. "Hebu niambie ukweli, ipi bora?"

"Ile ambayo shemeji yako hana," akasema fundi rangi, na milango ikafunguka.